"Ekseli imekatika": ipi?

Ukimpigia fundi simu ukamwambia ekseli ya lori imekatika, bado hujamwambia kitu. Neno hilo limebebeshwa mambo matatu: boriti nzima inayoshika magurudumu, ncha yake ambapo beringi za habu (kitovu cha gurudumu) hukaa, na hafu shafti inayotoa nguvu kwenye difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kushoto na kulia) kuipeleka kwenye gurudumu.

Hafu shafti ndiyo nafuu. Kwenye malori mengi mazito haibebi uzito. Mzigo umekaa juu ya neli ya ekseli, kupitia beringi mbili za habu. Ndiyo maana unaichomoa bila jeki na bila kutoa tairi: unafungua nati za flenji (sahani iliyo mwisho wa shafti), unaigonga kidogo, inatoka. Dalili yake haifichiki. Propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu, inazunguka, lori limesimama, kwa kuwa difu hupeleka mzunguko wote upande usio na ukinzani. Kazi ngumu ni kipande kilichobaki ndani. Kisipotoka, shafti mpya haifiki mwisho. Jaribu sumaku au kitanzi cha waya. Kikigoma, kichwa cha difu kishushwe. Oili nayo imwagwe, maana vipande vya chuma vinavyozunguka humo vitakula krauni, gia kubwa ya difu.

Dukani usiseme "ekseli ya kushoto" ukanyamaza. Taja idadi ya meno ya splaini (mikato ya ncha inayoingia kwenye difu), urefu wote na idadi ya matundu ya flenji. Shafti za pande mbili huweza kutofautiana urefu.

Trela la kawaida halina hafu shafti. Likikatika ekseli, ni boriti au ncha yake, na mimi sikubali kabisa ile tabia ya kuchomelea ncha kwa kukadiria kwa macho: ikipinda kidogo tu, tairi linalika upande mmoja na beringi zinaungua.

"Difu" nalo linasumbua. Wengine wanamaanisha ekseli ya nyuma nzima, wengine kichwa tu, wengine krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Hapa namba ndiyo lugha: krauni ya meno 41 kwa pinioni ya meno 7 ni uwiano wa 5.86. Lori lenye difu mbili likifungwa uwiano tofauti, difu hizo zitavutana hadi kitu kipasuke.

Hata "sili ya ekseli", mpira unaozuia oili isivuje, ni mbili. Ya habu ikivuja, oili inalowesha breki. Ya pinioni inavujia kwenye propela. Zote mbili zikirudi kuvuja baada ya kubadilishwa, kagua tundu la hewa juu ya ekseli kabla ya kumlaumu muuza sili. Likiziba, joto hujaza presha ndani na oili hutafuta pa kutokea.

Kuna mapendekezo ya kuacha maneno haya na kusema "mhimili". Sawa, lakini mhimili upi? Tatizo lingebaki palepale.

Na kushoto ni kwa dereva aliyeketi akitazama mbele, si kwa fundi aliyelala chali uvunguni, kichwa kikielekea kebini.