Mpishi mpya hahitaji mapishi mengi

Anayeanza kupika kwa kawaida huanza kwa kukusanya. Simu inajaa mapishi, kabati linajaa viungo, na bado yai linaungua pembeni huku katikati linateleza. Maoni yangu ni kwamba kwa miezi miwili ya mwanzo vinatosha vyakula vinne: yai, wali, maharagwe ya kuunga na kuku wa kukaanga kwa mafuta kidogo. Sivichagui kwa kuwa ni rahisi. Wali si rahisi hata kidogo. Navichagua kwa sababu kila kimoja kinakufundisha jambo utakalolikuta tena katika vyakula vingine vingi, na kikiharibika sababu yake huonekana.

Tatizo la mapishi yaliyoandikwa ni dakika. "Kaanga kitunguu dakika tano." Dakika tano kwenye jiko la nani, kwa sufuria gani? Sufuria nyembamba hushika moto upesi na kuunguza pale tu ndimi za moto zinapogusa. Sufuria nzito huchelewa kupata joto, lakini ikishalipata hulisambaza. Kwa hiyo kila dakika nitakazozitaja hapa zichukue kama makadirio, halafu tazama, nusa na sikiliza.

Tuanze na yai. Maji yakishatokota, liingize taratibu kwa kijiko lisigonge chini likapasuka. Baada ya dakika 7 ute umeshika na kiini bado ni laini. Baada ya dakika 10 au 11 kiini nacho kimeshika. Liepue, litumbukize kwenye maji baridi papo hapo. Usipolipoza, joto lililomo ndani linaendelea kupika, na ukilipasua unakuta duara la kijani kibichi kilichopauka limezunguka kiini. Hiyo ni salfa ya ute iliyokutana na chuma cha kiini. Haina madhara, ila inakuambia yai limepitiliza. Ganda likibanduka na vipande vya ute, huenda yai limetagwa karibuni mno. Lililokaa wiki moja humenyeka vizuri zaidi.

Somo kubwa zaidi liko kwenye mayai ya kuvuruga. Mayai 3, chumvi kidogo, kijiko cha chai cha siagi, moto mdogo. Koroga polepole kwa mwiko ukikwangua chini, na uyaepue yakiwa bado yanang'aa unyevu, yakionekana kama yamebakisha kidogo kuiva. Kikaango kitamalizia chenyewe. Ukisubiri yaive kabisa jikoni, yatafika mezani yamekakamaa na kuchuruzika maji. Kuepua chakula kabla hakijafika ni jambo ambalo mpishi mpya huliogopa, na hakuna chakula kinacholifundisha kwa gharama ndogo kuliko yai.

Wali ndio unaowatoa watu jasho, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Chukua kikombe 1 cha mchele mrefu. Uoshe mara tatu au nne mpaka maji yasiwe meupe kama maziwa, kwa sababu ile rangi ni vumbi la wanga linalogandisha punje. Uchuje vizuri, maji yanayobaki kwenye mchele nayo ni maji ya kupikia, na wengi husahau kuyahesabu. Weka kikombe 1 na nusu cha maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha mafuta. Moto mkubwa mpaka yatokote, koroga mara moja tu, kisha punguza moto hadi mwisho, funika, uache dakika 15. Usifunue. Kila ukifunua unatoa mvuke, na mvuke ndio unaoivisha punje za juu.

Dakika 15 zikiisha, zima moto na uache sufuria ikiwa imefunikwa dakika 10 nyingine. Watu huziruka dakika hizi kwa njaa. Kwa wakati huo wali wa chini umelowa kuliko wa juu, na hizo dakika 10 ndizo zinazosawazisha unyevu na kuzipa punje nguvu ya kutovunjika. Baada ya hapo uchambue kwa uma, si kwa mwiko.

Sasa kuna hesabu inayowaponza wengi. Kikombe kimoja cha mchele kimetaka kikombe kimoja na nusu cha maji, kwa hiyo vikombe 3 vitataka 4 na nusu? Hapana. Mchele wenyewe hunywa maji yanayokaribiana na ujazo wake; ile nusu ya ziada hupotea kama mvuke. Sufuria ikiwa ile ile, mvuke unaopotea hauongezeki mara tatu. Vikombe 3 vya mchele vinatosheka na vikombe 3 na nusu vya maji, labda na robo juu yake. Ndiyo maana mtu anayepika wali mzuri wa watu wawili hupata bokoboko siku wageni wakija. Aina nyingine za mchele hunywa zaidi, mfuniko usiokaza hupoteza mvuke zaidi, kwa hiyo andika kipimo kilichokubali kwenye sufuria yako na ukishike hicho.

Wali ukiwa na kiini kigumu na maji yamekwisha, moto ulikuwa mkubwa. Nyunyiza vijiko vitatu au vinne vya maji ya moto, funika, rudisha kwenye moto mdogo dakika 5. Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue chini. Pakua wa juu uuhamishie chombo kingine haraka, kabla harufu ya ukoko haijapanda. Wali uliobaki baada ya kula usilale juu ya jiko: utandaze kwenye chombo kipana upoe, na ndani ya saa moja au zaidi kidogo uwe ndani ya friji. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu, mbegu hizo huota na bakteria hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto.

Kabla ya maharagwe, lazima ujue kuunga. Kwangu mimi hapa ndipo mchuzi mzuri na mbaya hutengana, na ndipo wapishi wapya wana haraka kuliko mahali pengine popote.

Kitunguu 1 kikubwa, kikate vipande vinavyolingana. Vidogo vitaungua wakati vikubwa bado vibichi. Vijiko 2 vya chakula vya mafuta, moto wa wastani. Tia kipande kimoja kwanza: kikinyamaza, mafuta hayajapata joto, kikitoa sauti laini ya kuchirizika, tia vyote, mafuta yakifuka moshi, umechelewa, yaondoe uanze upya. Nyunyiza chumvi kidogo mapema, kwa sababu huvuta maji ya kitunguu na kukilainisha kabla hakijapata nafasi ya kuungua. Dakika mbili tatu za kwanza kitakuwa na harufu kali inayochoma macho. Kisha kitaanza kupitisha mwanga, sauti itapungua, na harufu itageuka kuwa tamu. Endelea mpaka ncha zipate rangi ya dhahabu. Hiyo ni kama dakika 8 hadi 10, si zile tano za kwenye mapishi. Kikianza kushika chini, ongeza kijiko cha maji, usiongeze mafuta.

Kitunguu saumu huja mwishoni, punje mbili zilizopondwa, nusu dakika tu. Kikitangulia na kitunguu maji kitakuwa cheusi na kichungu, na uchungu huo hakuna kitakachouficha. Kama una kiungo cha unga, kitie hapo, kikae kwenye mafuta sekunde kadhaa, kisha mara moja nyanya 3 zilizokatwakatwa ziingie zikipoze. (Kama kabati lako limejaa viungo kumi na viwili, kwa mwezi wa kwanza tumia kimoja. Hutajua kiungo kina ladha gani kikiwa kwenye msongamano.)

Nyanya nazo zipe muda. Zitatoa maji, zitachemka, zitazama. Zimeiva pale mafuta yanapojitenga na kuonekana pembeni, na mwiko ukipita chini unaacha njia isiyofungika mara moja. Ukitia maji kabla ya hapo, utapata mchuzi mchachu wenye maganda ya nyanya yanayoelea, na hata ukiuchemsha saa nzima hautapata ladha ile.

Maharagwe yenyewe hayana ugumu, yana mpangilio. Loweka vikombe 2 usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, weka mengine yapite juu ya maharagwe kwa vidole viwili vitatu. Yachemshe kwa nguvu dakika 10 kamili, ndipo upunguze moto. Dakika hizo si mapambo: maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu iitwayo lektini inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Kisha yaache yatokote taratibu saa moja hadi moja na nusu. Onja matano, si moja, kwa kuwa hayaivi kwa pamoja.

Nyanya zisiingie mpaka maharagwe yalainike. Asidi yake huyafanya yakaidi, na ndiyo sababu kuna sufuria za maharagwe zinazokaa jikoni saa nne bila matumaini. Chumvi ndiyo inayosingiziwa, lakini haina kosa. Hata ukiitia kwenye maji ya kulowekea, hulainisha ganda. Na kama umefanya yote sawasawa na bado ni magumu kama kokoto, ni ya zamani, yamekaa ghalani mno. Badilisha maharagwe, usijilaumu. Yakilainika, yamimine kwenye rojo ya nyanya pamoja na kikombe cha maji yaliyoyapika, ponda machache kwa mwiko ubavuni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito, uache dakika 15.

Kwa kuku, anza na mapaja yenye mfupa na ngozi. Kidari hukauka ukichelewa dakika mbili, paja linakusamehe. Usimwoshe kuku kwenye sinki. Maji yanayoruka husambaza bakteria kwenye vyombo na meza, na moto utawaua bila msaada wa maji. Kinachotakiwa ni kinyume chake: mkaushe kwa karatasi mpaka ngozi isiteleze. Maji hayapandi juu ya nyuzi 100, na nyama haigeuki kahawia mpaka ikaribie nyuzi 140. Ngozi iliyolowa, au mapaja sita yaliyobanana kwenye kikaango kimoja, yatachemka kwa mvuke wake yenyewe na kutoka meupe.

Tia chumvi, weka upande wa ngozi chini kwenye mafuta kidogo yenye joto, moto wa wastani, usiguse dakika 8 hadi 10. Ukijaribu kugeuza na ngozi imeng'ang'ania, bado haijawa tayari. Ikishaiva huachia yenyewe. Geuza, punguza moto, funika dakika 15 hadi 20. Kama kuna kifaa kimoja ninachoshauri kununua mapema, ni kipimajoto cha chakula: nyuzi 74 karibu na mfupa, basi. Rangi ya nyama inadanganya. Ubao na kisu vilivyogusa kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla havijakaribia kachumbari. Na mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Usimwage maji kamwe, yatarusha moto hadi usoni.

Mboga za majani sijazisahau. Mafuta, kitunguu, majani, dakika tatu, epua zikiwa bado kijani.

Chumvi, mwishowe, iingie kidogo kidogo na ionjwe kila hatua, ukikumbuka kwamba mchuzi unaopungua maji unazidi kukolea. Ikizidi, utaambiwa utumbukize kiazi kikanywe chumvi. Kiazi hunywa mchuzi pamoja na chumvi yake, na unaobaki una chumvi ile ile. Ongeza maji, au maharagwe yasiyo na chumvi, au ule huo mchuzi na wali uliopikwa bila chumvi.