Mashine ya Nyasi Isilale na Petroli Karibu na Hita ya Maji

Oktoba ikifika ukingoni, sisi tunaoishi kaskazini mwa Marekani hatuna tena hamu na mashine ya kukata nyasi. Ile kubwa ya kukalia, yenye usukani, inaingizwa gereji, mlango unashushwa, basi, tutaonana Aprili. Ndugu zangu, hapo ndipo pananitia wasiwasi. Gereji nyingi za huku zimeshikana na nyumba tunamolala, na mara nyingi humo humo imesimama hita ya maji ya gesi.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Ndiyo sababu kanuni za ujenzi za huku zinataka kiwashio cha hita iliyo gereji kiwe juu ya sakafu kwa angalau inchi 18. Hiyo ni kinga tu, haikupi ruhusa ya kuweka tenki lililojaa pembeni yake. Mwenye kibanda uani, mashine ilale huko. Asiye nacho, mimi nasema atoe petroli yote, akiwa nje na injini imepoa, kisha awashe injini hapo hapo nje iungurume hadi izime yenyewe, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) nayo ikauke. Wapo wanaopenda kujaza tenki na kutia dawa ya kuhifadhi petroli. Njia hiyo inafaa, lakini kwa kibandani. Na anayeiacha petroli bila dawa ajue kwamba ya kawaida ya huku huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu. Baada ya mwezi hivi petroli huanza kuharibika, ikaacha utando unaoziba vitundu vya kabureta.

Betri ichomolewe, waya wa hasi ukitangulia, ichajiwe na kuwekwa pakavu. Betri iliyokwisha chaji huganda kwa baridi ikapasuka.

Usafi wa chini ya mashine nao una hatari yake. Kabla mkono haujafika kwenye visu, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi inayotoa cheche za kuwasha injini, na kama plagi ni mbili chomoa zote. Usiingie chini ya mashine iliyoinuliwa kwa jeki peke yake, iegemeze kwenye stendi za chuma. Vaa glavu nene, kwangua nyasi zilizogandamana mpaka chuma kionekane, maana zikibaki na unyevu wake zitakula bati hadi litoboke.

Ufunguo usiachwe kwenye swichi. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, inashauri mtoto asiendeshe mashine hii kabla ya kutimiza miaka 16, wala asibebwe juu yake. Hili la kubeba ndilo tunalolifanyia mzaha zaidi: baba anakata nyasi kampakata mwanawe mapajani, mama anapiga picha, sote tunashangilia. Mtoto akiteleza, visu viko karibu kabisa na miguu yake.