Huku sili tu, kwetu kila kitu

Mi niko Ujerumani, pembeni ya Stuttgart, mwaka wa tisa sasa, na kinachonishangaza mpaka leo sio baridi, ni kiwanda ninachopigia kazi. Tuko watu kama 80 na tunatengeneza sili za mpira tu, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje kwenye mashine. Sili! Zile zile fundi wa Gerezani akikuambia "bosi, sili imekufa" unajua hela imeenda. Hawana unga, hawana soda, hawana basi la mkoani, na mambo yao safi.

Sasa rudi Dar. Asubuhi chapati ya unga wa Azam, mchana juisi ya Azam, mtoto analilia aiskrimu ya Azam, ukienda Zanzibar boti ya Azam, usiku unawasha Azam TV unakuta Azam FC wanacheza. Kuna washkaji huku wanasema kampuni moja kushika kila kitu ni tamaa, mi nakataa kabisa. We una kinu cha unga, mtu wa mifuko kakuahidi Jumatatu analeta Alhamisi, mashine zimesimama na vibarua wanataka chao, utaacha kununua mashine yako ya mifuko? Alafu lori unalo, maduka yanakujua, bidhaa ya pili inapanda lori lile lile.

Ila kuna upande mwingine. Kaka yangu, mtoto wa mamdogo, ana mashine ya kupuliza chupa za plastiki Temeke. Alipata oda ya kampuni moja kubwa, umeme ukakata, jenereta ikala faida yote, mzigo ukachelewa, jamaa wakaagiza mashine yao wenyewe. Siwalaumu. Lakini hiyo mashine yao inafanya kazi siku mbili kwa wiki maana chupa wanazohitaji ni chache, na ya kaka imefunikwa turubai, yaani mashine mbili na kazi ya moja haijai.

Na huku nako kutegemeana kuna kisirani chake, mwaka 2016 Volkswagen waligombana na wauza vipuri wawili, wa vitambaa vya viti na wa vyuma vya gia, wakagoma kuleta mzigo, kazi ya kuunda gari la Golf ikasimama kiwandani Wolfsburg na wafanyakazi kama 28,000 wakaguswa.

Juzi kaka kanipigia nimtafutie mashine ya mtumba ya kujaza maji. Nikamuuliza, na ile ya chupa mbona imelala? Akacheka sana. "Mdogo wangu, nikiuza maji mwenyewe, chupa sitambembeleza mtu anunue."