Miaka 47 kwenye kiti kimoja, na bado namtetea

Juzi kwenye grupu letu la watu tuliosoma pamoja nikatupia habari za Norman Francis, yule mzee aliyeongoza Chuo Kikuu cha Xavier pale New Orleans kuanzia 1968 mpaka 2015. Wa kwanza kujibu kaandika: "Miaka 47? Huyo rais wa chuo au rais wa Afrika?" Emoji za kucheka kibao, mjadala ukafia hapo, watu wakarudi kwenye mambo ya Simba na Yanga. Nilikasirika jamani.

Sawa, nawaelewa. Kwetu huku mtu akizidisha muda madarakani tunajua kinachofuata, picha kila ofisi na mtoto anaandaliwa taratibu. Lakini ndo tupime uongozi kwa kalenda tu?

Huyu ni mtoto wa kinyozi wa Lafayette, Louisiana. Kasoma hapohapo Xavier, chuo cha watu weusi na cha Wakatoliki, kamaliza 1952, kaenda Chuo Kikuu cha Loyola kuchukua sheria enzi hizo mtu mweusi kukaa darasa lile ni habari ya mji, katoka na digrii yake 1955. Akapita jeshini, halafu badala ya kutafuta ofisi yenye kiyoyozi akarudi Xavier kuwa mlezi wa wanafunzi wa kiume. Yaani kazi ya kugombana na vijana wanaochelewa kurudi bwenini!

Na kwenye kazi hiyohiyo ndogo ndo alinimaliza. Mei 1961 wale vijana, weusi kwa weupe, walikuwa wanapanda mabasi kwenda kusini kupinga ubaguzi. Basi moja likachomwa moto Anniston, Alabama, wenzao wakapigwa vibaya Birmingham, mwisho wakapandishwa ndege kuletwa New Orleans na hoteli hazikuwataka. Francis akawaingiza kwenye bweni la chuo, kimyakimya, bila kuita waandishi. Hebu fikiria hesabu aliyopiga usiku ule: watu waliochoma basi wangeshindwaje kuchoma bweni? Ana wanafunzi wa watu mle ndani, mkeka ukichanika anayebeba lawama ni yeye, na wala hakuwa bosi, alikuwa mlezi tu. Mimi najua walezi ambao kufungua geti saa nne usiku kwa mwanafunzi mgonjwa wanataka barua yenye muhuri.

Miaka saba baadaye akapewa chuo chenyewe. Siku aliyokubali, Aprili 4, 1968, ndiyo siku Martin Luther King aliuawa Memphis. Ana miaka 37, anapokea chuo cha weusi ambacho tangu sista Katharine Drexel akianzishe kilikuwa mikononi mwa masista wa shirika lake, na nje mitaa inawaka. Angesema nipeni wiki nifikirie nani angemlaumu.

Mengine nayataja haraka maana mnajua kutafuta wenyewe: wanafunzi wakaongezeka zaidi ya mara mbili, na chuo kidogo vile kikawa miongoni mwa vinavyoongoza Marekani nzima kwa kupeleka vijana weusi kwenye shule za udaktari. Kimbunga Katrina kikaja Agosti 2005, kampasi ikazama, mzee ana miaka 74, umri wa kustaafu ulishampita zamani, na Januari 2006 madarasa yakafunguliwa na wanafunzi wengi wakarudi. Bado akawa anaongoza na mamlaka ya kulijenga upya jimbo la Louisiana. Tangu 2021 barabara iliyokuwa na jina la Jefferson Davis, rais wa wale waliopigana ili utumwa ubaki, inaitwa Norman C. Francis Parkway. Huku kwetu mkuu wa chuo anamaliza muda wake ametuachia logo mpya.

Haya, nikubali kidogo basi. Miaka 47 ni mingi, kuna watu wazuri lazima walizeeka hapo chini yake wakisubiri, na kumrithi mtu wa hivyo ni adhabu. Mimi mwenyewe mkinipa kuandika katiba ya chuo naweka ukomo, vipindi viwili, kwaheri. Ila yeye ningemruhusu aendelee, na msiniulize kwa kigezo gani.