Bei ya mwisho, hata salamu hakuna
Kila mwezi tunapanga kazi zetu kwenye usiku wa sanaa hapa Dar, na kila mwezi ni yaleyale. Mtu anakuja na simu, anapiga picha mchoro mmoja mmoja, salamu hatoi. Kisha ananyooshea kidole mchoro wangu wa tingatinga, ule mtindo wetu wa wanyama na rangi kali: "Hii tingatinga bei gani ya mwisho?" Ya kwanza hajaisikia!

Rangi ya mafuta hiyo, ndugu yangu. Unapaka usuli, unasubiri ukauke, unachora mnyama, unasubiri tena, ndipo uweke madoa moja moja. Na jirani yangu anayechonga mpingo, mti unaomaliza makali ya patasi, anaambiwa "si mti tu?" Inauma sana.

Huna hela? Karibu utazame, uliza jina la mchoraji, tuzungumze. Lakini kupiga picha ili mchoro ukanakiliwe kwingine kwa nusu bei, hapana.