Upasuaji wa Maumivu Sugu ya Korodani: Sindano ya Ganzi Itangulie Kisu

Dereva mmoja wa bodaboda ninayemfahamu, ambaye kijiwe chake kiko Mbagala, alikata kipande cha godoro, akakitoboa tundu katikati na kukifunga kwa mpira wa tairi juu ya siti ya pikipiki yake. Abiria walidhani ni mbwembwe za vijana wa kijiweni. Ukweli ni kwamba alikuwa mwaka wa pili akiuguza maumivu ya korodani ya kushoto, na bila tundu lile hakuweza kumaliza hata safari mbili. Alikuwa amemaliza dozi nne za antibayotiki na chupa kadhaa za dawa ya ngiri, na altrasaundi mbili zilikuwa zimesema kwamba hakuna kinachoonekana. Siku aliponieleza habari hii alishusha sauti, akatazama pembeni, kisha akaniuliza: "Kaka, kwa nini wasiitoe tu hii moja, nibaki na nyingine?"

Swali hilo si la kipuuzi, na wanaume wengi hulifikia kwa njia ileile aliyopita yeye. Kitabibu, maumivu ya korodani huitwa sugu yanapodumu kwa miezi 3 au zaidi, yawe ya kuja na kuondoka au ya kutulia mahali pamoja, na yanapomzuia mtu kufanya kazi zake, kulala au kukutana na mkewe. Kwa mtu aliyefika hapo, upasuaji huonekana kama mlango pekee uliobaki, na anayemwambia asubiri huonekana kama hajawahi kuumwa. Upande wa pili wapo madaktari wanaosita, na kusita kwao kuna sababu nzito. Naamini pande zote mbili zina haki, na kwamba kati yao kuna kipimo kidogo, cha bei nafuu, ambacho mara nyingi hurukwa.

Kabla ya kufika huko, tuanze na lugha yetu, kwa sababu imechangia kutuchanganya. Maumivu yoyote ya kinena au ya mfuko wa korodani tunayaita ngiri, au mshipa kwa watu wa Pwani, na wauza dawa za barabarani hutibu yote kwa chupa moja. Ngiri halisi ni utumbo kupenya kwenye uwazi wa misuli ya kinena, na tiba yake ni upasuaji usio na ubishi. Busha ni maji yanayojaa kuizunguka korodani, na katika ukanda wetu wa Pwani chanzo chake kikubwa ni minyoo ya filaria inayosambazwa na mbu, wala si maji ya madafu kama tulivyoambiwa utotoni. Nalo huondolewa kwa upasuaji ambao hospitali zetu zimeuzoea kwa miaka mingi. Verikoseli, yaani vena za korodani zilizotanuka, huwapata wanaume wapatao 15 katika kila 100, hasa upande wa kushoto, kwa kuwa vena ya upande huo hupanda hadi kwenye vena ya figo na kuingia kwa pembe inayozuia damu kushuka kwa wepesi. Wengi hawaihisi kabisa, lakini kwa yule ambaye inamletea maumivu mazito ya kuvuta, yanayoongezeka akisimama na kupungua akilala, kuzifunga vena hizo huwapa nafuu wagonjwa wengi waliochaguliwa vizuri. Lipo pia jambo lisilongoja mjadala wowote: maumivu makali ya ghafla kwa kijana, pamoja na kichefuchefu na korodani iliyopanda juu, yanaweza kuwa ya korodani iliyojisokota, na hapo ni kukimbilia hospitali, kwa kuwa baada ya takriban saa 6 uwezekano wa kuiokoa huanza kupungua haraka.

Mjadala wa kweli unamhusu yule ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo. Anaweza kuwa na jiwe kwenye mrija wa mkojo, tatizo la pingili za mgongo au la nyonga, kwa kuwa neva za maeneo hayo na za korodani huingia kwenye uti wa mgongo kwa jirani, na ubongo husoma maumivu ya mahali pamoja kana kwamba yanatoka pengine. Anaweza kuwa na kifua kikuu kilichojificha kwenye epididimisi, ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani, au kichocho, na haya kwetu si mambo ya kusoma vitabuni tu. Anaweza pia kuwa miongoni mwa wanaume wachache waliofunga uzazi na kubaki na maumivu ya kudumu, ambao miongozo ya Marekani huwakadiria kuwa 1 hadi 2 katika kila 100 ya waliofanyiwa. Na baada ya kuchunguzwa kote huko, sehemu kubwa ya wagonjwa hubaki bila chanzo kinachojulikana.

Hawa wa mwisho ndio wanaoumia mara mbili, kwa ugonjwa na kwa kutoaminiwa. Wanaambiwa ni mawazo, waoe, wapunguze kutazama mambo ya aibu kwenye simu. Nasema bila kuficha kwamba kumjibu mgonjwa namna hiyo ni kumkosea. Altrasaundi huonyesha umbo la kiungo. Haionyeshi neva inayopiga kelele. Neva iliyosumbuliwa kwa muda mrefu, na maambukizi ya zamani, jeraha au kidonda cha upasuaji uliopita, inaweza kuendelea kutuma ishara ya maumivu hata baada ya kilichoiudhi kwisha kabisa.

Hapo ndipo hoja ya wanaotetea upasuaji inapopata nguvu. Korodani inaning'inia kwenye kamba moja inayopita kinenani, na ndani ya kamba hiyo hupita ateri, vena, mirija ya limfu inayorudisha majimaji ya mwili, mrija wa mbegu na neva zinazobeba hisia. Kama tatizo ni neva, basi zikatwe neva na kiungo kiachwe. Madaktari Charles Devine na Paul Schellhammer walieleza upasuaji wa namna hiyo, kwa kutumia hadubini ya upasuaji, huko Marekani mwaka 1978, na baadaye ukaboreshwa; daktari huifungua kamba, huitenga ateri ya korodani na baadhi ya mirija ya limfu ili isiumie, kisha hukata tishu nyingine zenye neva. Matokeo yanayotajwa sana ni ya kundi la daktari Laurence Levine wa Chicago, yaliyochapishwa mwaka 2008: katika korodani 95 zilizofanyiwa, maumivu yalikwisha kabisa katika asilimia 71 na kupungua katika asilimia 17. Kwa mtu aliyekata tamaa, tarakimu hizo ni kubwa, na anayemnyima mgonjwa habari hii kwa madai ya kumlinda anamnyima haki yake.

Hata hivyo, tarakimu hizo lazima zisomwe pamoja na jinsi zilivyopatikana. Wagonjwa wale hawakuokotwa njiani, walichujwa. Walifanyiwa na daktari aliyeurudia upasuaji huo mara nyingi, mahali penye vifaa kamili. Ushahidi mwingi wa fani hii ni taarifa za kituo kimoja kimoja, bila kundi la pili la kulinganisha nalo, na maumivu ni jambo ambalo matumaini peke yake huweza kulipunguza kwa muda. Ateri ikijeruhiwa, korodani inaweza kusinyaa; mirija ya limfu ikikatwa yote, maji hujaa na mtu aliyekuja na maumivu huondoka na busha. Kuna pia wale ambao mfumo wao mzima wa fahamu umekwisha kuzoea kuumwa, kiasi kwamba chanzo hakipo tena kinenani bali kimehamia kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ukate neva zote za kamba, mtu huyo ataamka na maumivu yaleyale, pamoja na kovu jipya la kulalamikia.

Tutamtofautishaje huyu na yule ambaye tatizo lake liko kwenye neva za kamba? Kwa sindano. Daktari huishika kamba kwa vidole mahali inapopita karibu na mfupa wa kinena, na kuizungushia dawa ya ganzi, kama vile bupivakeini. Baada ya dakika chache mgonjwa huulizwa maumivu ni ya kiwango gani sasa kwa kipimo cha 0 hadi 10. Yakishuka zaidi ya nusu, hata kama ni kwa saa chache tu, ni ishara nzuri kwamba ujumbe wa maumivu unapita kwenye kamba hiyo na kwamba kukata neva kunaweza kusaidia. Yasiposhuka hata kidogo, kisu kitakata mahali ambapo maumivu hayapiti. Wapo madaktari wanaorudia sindano siku nyingine, na hata kutumia maji ya chumvi bila mgonjwa kujua, ili kuona kama nafuu ilikuwa ya dawa au ya imani. Dawa ya ganzi imo katika hospitali nyingi za wilaya, na kitendo chenyewe huchukua muda mfupi kuliko foleni ya kwenda kupima mkojo. Kinachokosekana ni mazoea ya kukifanya.

Nakuja kwenye swali la rafiki yangu, la kuitoa kabisa. Watetezi wake husema kwamba mwanaume anaweza kuishi, kuzaa na kuwa na nguvu zake zote kwa korodani moja yenye afya, na hilo ni kweli, kwa kuwa moja hutengeneza testosteroni, yaani homoni ya kiume, na mbegu za kutosha. Husema pia kwamba mwili ni wake na maumivu ni yake. Upande wa pili kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1990, uliotajwa mno tangu wakati huo, ambamo walioondolewa korodani kupitia kinenani walipona kabisa 11 kati ya 15, ilhali waliopasuliwa kwenye mfuko wenyewe walipona 5 tu kati ya 9. Taarifa nyingine zilikuwa na matokeo mabaya zaidi ya hayo. Tarakimu hizi ni za watu wachache, lakini zinaonyesha jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: kiungo kinaweza kuondoka na maumivu yakabaki, na wapo wanaume wanaoendelea kuumwa na korodani isiyokuwepo, kama mtu aliyekatwa mguu anavyohisi kidole kinawasha. Ukikata neva na usipone, bado una njia nyingine mbele. Ukiondoa korodani, hairudi, na ile iliyobaki ikipatwa na jambo miaka kumi baadaye, huna akiba. Kwa hiyo nasimama upande wa wanaosema iwe hatua ya mwisho kabisa, ingawa sikubaliani na wanaosema isiwepo kamwe. Nawafikiria wale ambao kila njia imeshindikana, sindano imeonyesha nafuu, na wameeleweshwa kwa kina.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi, ila kuna jambo moja linaloniuma. Amitriptilini kwa dozi ndogo za usiku hutuliza neva, na gabapentini hufanya kazi inayokaribiana nayo. Zote hutumika kabla ya kufikiria kisu, kwa wiki kadhaa, baada ya dawa za kawaida kama ibuprofeni kushindwa. Lakini mgonjwa akisoma kwenye karatasi ya ndani ya pakiti, au akimuuliza muuza duka la dawa, huambiwa kwamba amitriptilini ni dawa ya ugonjwa wa akili. Anarudi nyumbani akiamini kwamba daktari naye amemwona mwendawazimu, anazitupa, na miezi miwili baadaye jalada lake linaandikwa kwamba tiba ya dawa imeshindikana, wakati hakumeza hata moja. Dakika mbili za maelezo zingeokoa miezi miwili. Vivyo hivyo kwa misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo mtu anayeumwa huikaza bila kujua mpaka yenyewe ikawa chanzo cha pili cha maumivu; mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kumfundisha kuilegeza, lakini nani humpeleka mwanaume kwa mtaalamu huyo kwa ajili ya korodani?

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu wote ni wa nchi tajiri, kwa kuwa hadubini za upasuaji na mabingwa waliofunzwa kuzitumia ni wachache kwetu, na gharama humwangukia mgonjwa mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini uchache huo ndio unaonifanya nishikilie utaratibu: pale ambapo upasuaji mpole haupatikani kwa urahisi, kishawishi cha kufanya ule mkubwa unaopatikana huwa kikali, na kuondoa korodani hakuhitaji hadubini. Mtu anaweza kupoteza kiungo kwa sababu tu ndiyo operesheni iliyokuwepo wilayani mwake. Afadhali apewe rufaa, asafiri na asubiri nusu mwaka, akiwa na majibu ya sindano mkononi.

Rafiki yangu alichomwa sindano hiyo mwezi uliopita, na daktari aliyesikia habari zake kwa mara ya kwanza akamwacha amalize kueleza. Alinipigia simu kutoka kwenye benchi la mapokezi. Hakuzungumza habari za kupona. Aliniambia kwamba amekaa, mapaja yote mawili yamegusa ubao, na kwamba amesahau lini mara ya mwisho alikaa hivyo. Maumivu yalirudi usiku, baada ya muda wa saa saba hivi. Aliziandika saa hizo kwa kalamu nyuma ya kadi yake ya kliniki, pamoja na namba alizopima, 8 kabla ya sindano na 2 baada yake, na kadi hiyo ndiyo atakayompelekea daktari bingwa. Kipande cha godoro bado kiko kwenye siti.