Kisima kwanza au utafiti kwanza?

Fedha za maji zinapogawanywa, swali ni lilelile: zichimbe visima au ziende kwa watafiti wa vyuo vikuu? Wanaotetea visima wana hoja nzito. Mwenye ndoo tupu hawezi kumsubiri mtu amalize shahada ya uzamivu, na tafiti nyingi huishia kwenye majarida asiyoyafungua mhandisi wa maji hata mmoja.

Lakini tukumbuke Bangladesh. Tangu miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya pampu kwa mamilioni, watu waachane na maji ya madimbwi yaliyoua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema, ila hakuna aliyepima arseniki. Sumu hiyo haina rangi, harufu wala ladha. Hujijenga mwilini polepole, ngozi ya viganja na nyayo ikawa ngumu na kuota vinundu, kisha saratani ikafuata. Ilipogunduliwa visimani humo mwaka 1993, watu walishainywa miaka mingi.

Hapo utafiti ulilipa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa Bangladesh walipima karibu visima 6,000 katika eneo la Araihazar, wakakuta kisima chenye sumu kikiwa hatua chache tu kutoka kilicho salama. Katika kampeni ya kitaifa, pampu zilipakwa rangi mdomoni: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Familia nyingi zikaanza kuteka kwa jirani. Kopo la rangi ni bei ndogo, ila bila kipimo usingejua pampu ipi uipake ipi.

Hata hivyo kujua si kutenda. Setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 huku Chuo Kikuu cha Texas cha Austin kikiongoza upande wa sayansi, zilipima hadi mwaka 2017 mabadiliko ya mvutano wa dunia, ambao hupungua kidogo mahali maji ya ardhini yanapopungua. Kwa data zake, utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha maji ya ardhini yakipungua kaskazini-magharibi mwa India. Pampu hazikunyamaza. Mkulima aliyepewa umeme wa ruzuku na soko la uhakika la mpunga ataendelea kuvuta maji, na simlaumu. Ninalolaumu ni utafiti unaopima kina cha maji bila kugusa bei ya umeme, ilhali kilimo ndicho kinachotumia takriban asilimia 70 ya maji yote yanayotekwa duniani.

Kwangu mimi, bajeti ya kila kisima ibebe gharama ya kukipima, tena kwa kurudia. Na aliyechotewa sampuli apelekewe majibu mlangoni kwake, kabla hayajapelekwa jaridani.